Plato au Aristotle: uanze na yupi, na kwa sababu gani

Anayetaka kuingia kwenye falsafa ya Wagiriki huambiwa asome Plato kwanza, halafu Aristotle, kwa kuwa huyu alimfuata yule. Huo ni ushauri wa kalenda tu. Plato alizaliwa mnamo 428 au 427 K.K., akafungua shule yake, Akademia, huko Athens karibu mwaka 387 K.K. Aristotle alifika hapo kutoka Stagira mwaka 367 K.K. akiwa kijana wa miaka 17, akakaa miaka 20, hadi mwalimu alipofariki. Kwa hiyo anapompinga Plato hampingi kama mpita njia. Anampinga kama mtu wa nyumbani anayejua paa linavujia wapi.

Jiulize umekwama wapi. Kama kinachokusumbua ni swali la aina ya "haki ni nini hasa, mbali na mifano yake?", mlango wako ni Plato. Kama unasikia hoja, unaona ina kasoro, lakini huwezi kuinyooshea kidole, mlango wako ni Aristotle. Hapa chini wawili hawa wanawekwa bega kwa bega katika mambo mawili wanayogusana zaidi: nadharia ya Maumbo na hoja potofu, yaani hoja zinazoonekana nzima kumbe zina kasoro.

Kwanza, neno lenyewe

Wagiriki walisema *eidos* au *idea*, maneno yanayotokana na kitenzi cha kuona. Kwa Kiswahili husemwa "umbo", na hapo mtego wa kwanza umeshategwa. Umbo kwetu ni sura ya nje: umbo la duara, umbo la mtu. Umbo analolisema Plato halionwi kwa jicho. Umbo la Kitanda katika kitabu cha kumi cha Republic, mazungumzo marefu ya Plato kuhusu haki, si picha ya kitanda kizuri kuliko vyote kilichotundikwa mbinguni. Halina futi wala inchi. Ni kile kinachovifanya vitanda vyote vistahili jina moja. Tutaandika Umbo kwa herufi kubwa tunapomsema Plato, na umbo kwa herufi ndogo tunapomsema Aristotle, kwa sababu neno ni moja lakini vitu ni viwili.

Msomaji wa Kiswahili ana wepesi wake. Plato mara nyingi husema "zuri lenyewe", "sawa lenyewe". Sisi tunabandika U- mbele na kazi imekwisha: zuri huwa uzuri, sawa huwa usawa, moja huwa umoja, mtu huwa utu. Neno linasimama kwa miguu yake, linadai upatanisho wake: uzuri huu, umoja wetu. Ndiyo maana Plato huteremka vizuri kwa Kiswahili. Na ndiyo maana hasa Aristotle anahitajika upesi. Katika orodha yake ya hoja potofu upo upotofu wa kudanganywa na sura ya neno: kwa kuwa "uzuri" uko ngeli moja na "ukuta", unajikuta unaufikiria uzuri kama kitu kilichosimama mahali fulani. Ukuta unaweza kuuegemea.

Plato kwa karibu: vijiti viwili

Hoja yake bora ya Maumbo haimo kwenye hadithi ya pango, ile ya wafungwa wanaodhani vivuli ukutani ndivyo vitu halisi, ingawa pango ndilo linalojulikana zaidi. Imo katika mazungumzo yake ya Phaedo, 74a hadi 75d (namba hizi za pembeni zinaelezwa mwishoni).

Chukua vijiti viwili, kila kimoja ukikate sentimita 30 kwa rula ya fundi. Viweke pamoja: viko sawa. Leta kipimo kikali zaidi, kimoja kitazidi kwa sehemu ya milimita. Kisugue, pima tena kwa kipimo kikali kuliko hicho, tofauti itajitokeza tena. Plato mwenyewe anasema hivi: vijiti vilevile humwonekea mmoja kuwa sawa na mwingine kuwa si sawa, lakini Usawa wenyewe hauonekani kamwe kuwa kutokuwa sawa. Basi Usawa si vile vijiti. Tena, ili useme vijiti "vimekaribia" kuwa sawa, lazima uwe unavilinganisha na kitu unachokijua tayari. Umekijulia wapi, ilhali kila ulichowahi kukiona kina kasoro ileile? Jibu lake: roho ilikijua kabla ya kuzaliwa, na kujifunza ni kukumbuka.

Unaweza kulikataa hilo la roho ukabaki na swali, na swali ni zito. Nguvu yake inaonekana kwenye hesabu. Katika mazungumzo mengine, Meno, 82b hadi 85b, Socrates, mwalimu wa Plato, anamchorea mtumwa kijana mraba wenye upande wa futi 2, eneo lake 4. Anamwuliza: mraba wenye eneo la 8 una upande gani? Kijana anasema 4, inatoka 16. Anasema 3; inatoka 9. Mwishowe, kwa kuulizwa tu, anafika kwenye mstari unaokata mraba wa kwanza kona kwa kona. Urefu wa mstari huo ni mzizi wa 8, na hauandikiki kama sehemu ya namba nzima mbili. Hakuna rula iliyomfundisha. Anayependa jiometri asisite: aanze hapa.

Nadharia inavuja mahali pawili, na Plato ndiye wa kwanza kuonyesha. Katika Parmenides, 130c hadi 130d, Socrates kijana anaulizwa kama kuna Umbo la nywele, la tope, la uchafu. Anasema hapana, ingekuwa ajabu mno, lakini anakiri kwamba swali linamsumbua. Kama kila jina la wengi lina Umbo, kwa nini tope likose?

Pa pili ni pabaya zaidi, 132a hadi 132b. Fuata hatua:

1. Vitu vikubwa vingi, tuseme nyumba, mlima na tembo, ni vikubwa kwa sababu ya kitu kimoja, Ukubwa.
2. Ukubwa wenyewe nao ni mkubwa.
3. Sasa una kundi jipya: nyumba, mlima, tembo na Ukubwa. Vyote ni vikubwa.
4. Vitu vikubwa ni vikubwa kwa sababu ya kitu kilicho nje yao. Basi kuna Ukubwa wa pili.
5. Rudia hatua ya 2.

Hakuna mwisho. Aristotle anaiita hoja hii ya "mtu wa tatu", kwa kuwa inafanya kazi vilevile kwa mtu wa kawaida, Umbo la Mtu, na mtu wa tatu juu yao. Mwaka 1954 Gregory Vlastos, mtaalamu wa Plato, aliandika makala iliyofufua mjadala huu kwa kuonyesha kwamba hoja inasimama juu ya madai mawili yasiyotajwa wazi: kwamba Umbo lina sifa ileile linayoigawa, na kwamba kinachogawa sifa si mmoja wa wanaogawiwa. Ukitaka kumwokoa Plato, lazima ukate moja kati ya hayo. Wengi hukata la kwanza: Ukubwa si kitu kikubwa, kama vile neno "refu" si lazima liwe neno refu. Mfano huo una mzaha ndani yake, lakini unaonyesha kisu kiingie wapi.

Aristotle kwa karibu: tufe la shaba

Katika kitabu cha saba cha Metaphysics, sura ya 8, Aristotle anamtazama fundi anayetengeneza tufe la shaba. Fundi hatengenezi shaba, ameikuta. Hatengenezi utufe pia. Anachofanya ni kuitia shaba hii utufe, kikapatikana kitu kimoja: tufe la shaba. Umbo na maada vinatengana akilini, lakini mkononi mwa fundi ni kitu kimoja. Hakuna tufe linalongoja pembeni ya matufe.

Ndipo zinapoingia zile sababu nne za Physics, kitabu cha pili, sura ya 3. Watu huzikariri vibaya kwa sababu huwekewa mfano mmoja wa kulazimisha. Mifano yake mwenyewe imechanganyika, na inasaidia zaidi: shaba ya sanamu (kitu kimetoka katika nini), uwiano wa 2 kwa 1 katika oktava ya muziki (umbo lake), baba wa mtoto (kilichoanzisha), na afya kwa mtu anayetembea (kwa ajili ya nini). Angalia ule uwiano wa muziki. Unakutoa moja kwa moja kwenye kosa la kudhani umbo ni sura ya nje.

Udhaifu wake uko upande wa pili. Ikiwa vilivyoko kwanza ni hiki na hiki, mtu huyu na farasi yule, tunapataje kujua jambo linalohusu wote? Anajibu mwishoni mwa Posterior Analytics kwa mfano wa vita: jeshi limekimbia, askari mmoja anasimama, mwingine anasimama karibu naye, hadi safu inarudi. Ndivyo hisi moja moja zinavyotulia zikawa ujuzi wa jumla. Mfano ni mtamu. Kama unatosha ni jambo jingine, na mtu wa hesabu atabaki na njaa: askari wangapi wasimame ndipo upate mraba kamili?

| Unachopima | Plato | Aristotle |
|---|---|---|
| Kilichoko kwanza | Maumbo | mtu huyu, farasi huyu |
| Umbo liko wapi | nje ya vitu | ndani ya vitu |
| Mfano wenye nguvu | hesabu, haki | viumbe hai, kazi za mikono |
| Mahali pa kuvuja | mtu wa tatu | safari kutoka mmoja hadi wote |
| Uandishi | mazungumzo yaliyonakshiwa | maelezo makavu ya darasani |

Mstari wa mwisho usiupuuze. Kazi ambazo Aristotle aliziandikia umma zimepotea karibu zote. Tulizo nazo zinasomeka kama maandalio ya somo. Sentensi moja inaweza kubeba hoja tatu. Kwa Plato hatari ni kinyume chake: yanatiririka, unamaliza kurasa ishirini ukidhani umeelewa. Na asiyezoea hudhani kila asemalo Socrates ni kauli ya Plato. Socrates hakuandika chochote, naye aliuawa mwaka 399 K.K.; ndani ya mazungumzo haya yeye ni mhusika.

Hoja potofu: mmoja anaigiza, mwingine anapanga

Plato ana mazungumzo mazima, Euthydemus, yaliyojaa hoja za kihuni. Maarufu iko 298d hadi 298e. Kwa ufupi: Una mbwa? Ninaye. Ana watoto? Anao. Basi mbwa huyo ni baba. Na si ni wako? Ni wangu. Kama ni baba, na ni wako, basi ni baba yako, nawe ni ndugu wa watoto wa mbwa.

Ijaribu kwa Kiswahili uone inavyokwama. Mbwa ni *wako*; baba ni *yako*. Ili mhuni afike anakotaka, inambidi abadilishe w- kuwa y- katikati ya njia, na sikio linashtuka. Sarufi imemkamata kabla ya mantiki. Aristotle anautaja mtego huuhuu wa mbwa katika Sophistical Refutations, sura ya 24, na utambuzi wake ni huu: mbwa ana sifa mbili, kuwa baba na kuwa wako, lakini sifa mbili za kitu kimoja hazigeuki kuwa sifa moja iliyounganishwa. Plato amekuchekesha, Aristotle amekupa jina la ugonjwa.

Orodha ya Aristotle ina hoja potofu 13: 6 za lugha na 7 zilizo nje ya lugha. Zile za lugha ndizo anazotakiwa mtu azifanyie mazoezi kwa lugha yake mwenyewe, maana mifano ya Kigiriki haitafsiriki. Neno lenye maana mbili: *Kila mbuzi hula majani, kifaa cha kukunia nazi ni mbuzi, basi kifaa cha kukunia nazi hula majani.* Sentensi yenye maana mbili ilhali kila neno liko wazi: *Juma alimpigia Asha mpira*, ambayo kila aliyefanya mtihani wa Kiswahili ameshaipasua, je, alimwelekezea au alimpigia kwa niaba yake? Kuunganisha na kutenganisha: 5 ni 2 na 3, basi 5 ni shufwa na witiri. Huu wa mwisho ni wa kwake.

Upotofu wa mkazo hupitwa haraka na vitabu vingi, wakisema ni wa Kigiriki tu. Si kweli. *Barabara* ukiikazia silabi ya tatu ni njia ya magari. Ukiikazia ya pili ni "sawasawa". Aristotle anaeleza kwamba kosa hili si rahisi kulifanya katika mazungumzo. Linapatikana zaidi kwenye maandishi. Ndivyo ilivyo kwetu: likitamkwa linajulikana, likiandikwa inabidi usome sentensi nzima.

Kati ya zile 7 nyingine, moja ina madhara kuliko zote: kugeuza matokeo yawe uthibitisho. Mfano wake ni mvua: mvua ikinyesha ardhi hulowa, basi ardhi ikiwa imelowa tunadhani imenyesha. Mfano wa zahanati: malaria huleta homa, mtoto ana homa, basi ana malaria. Homa ina sababu nyingi, na tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila anayeshukiwa apimwe vimelea kabla ya kupewa dawa.

Namna ya kuikamata hoja ya aina hii ni ileile aliyoitumia Aristotle katika Prior Analytics: acha mfupa, badilisha nyama. Andika mfupa: *Kila A ni B, C ni B, basi C ni A.* Weka maneno ambayo ukweli wake unaujua: *Kila twiga ni mnyama, simba ni mnyama, basi simba ni twiga.* Madai mawili ni ya kweli, hitimisho ni uwongo. Mfupa umevunjika, na hauwezi kubeba nyama yoyote.

Lakini jaribu pia hii: *Kila ndege huruka, mbuni ni ndege, basi mbuni huruka.* Mfupa huu ni mzima. Katika shule za zama za kati za Ulaya uliitwa Barbara. Kasoro iko kwenye dai la kwanza. Hapa ndipo wanaojifunza majina ya hoja potofu kwa orodha wanapopotea: wanasema "hoja potofu!" kwa kitu kilicho uwongo tu, na hawasemi lolote kwa kitu cha kweli kilichofikiwa kwa mfupa mbovu.

Makosa mawili mengine ya wanaoanza. La kwanza, kudhani hoja ikiwa mbovu basi hitimisho ni uwongo. Mtoto yule huenda ana malaria kweli. La pili, kudhani kumgusa msemaji ni kosa siku zote. Shahidi anaposema "niamini, niliona", uaminifu wake ndio dai lenyewe, na kuuchunguza ni halali. Kosa ni kumshambulia mtu aliyeleta hoja inayosimama bila yeye. Upotofu huo, pamoja na ule wa kumsingizia mwenzako dai dhaifu ili uliangushe, haumo kwa majina hayo kwenye orodha ya 13. Anayevitafuta hivyo tu hahitaji Aristotle. Kitabu cha kisasa cha mantiki kitamtosha.

Basi uchague vipi

Kabla ya yote, pata toleo lenye namba pembeni. Za Plato zinatokana na toleo la Henri Estienne la mwaka 1578, kwa mfano 514a, ambapo pango linaanza. Za Aristotle zinatokana na toleo la Bekker la Berlin, 1831, kwa mfano 1094a1, ambapo Maadili ya Nicomachus yanaanza. Bila namba hizo hutaweza kufuata rejeo lolote, hata makala hii.

Ukimchagua Plato, usianze na Republic. Ni kurasa karibu 300 za Estienne, na wengi huishia kitabu cha pili. Anza na Euthyphro, kurasa 14, ujizoeze swali la "ni nini hasa?". Kisha Meno, kurasa 30, huku ukichora ile miraba kwa penseli. Kisha Phaedo, lakini kwa swali la Maumbo unahitaji 72e hadi 77a na 96a hadi 107b. Halafu, kabla hujapenda mno, soma Parmenides 128e hadi 135c na uishie hapo. Sehemu inayofuata bado inawagonganisha wataalamu vichwa.

Ukimchagua Aristotle, usianze na Metaphysics. Anza na Categories, sura 5 za mwanzo, kurasa chache tu za Bekker. Fuata na Physics, kitabu cha pili, sura 1 hadi 3. Halafu Sophistical Refutations, ambayo yote ni kurasa 20. Sura ya 4 na ya 5 ndizo zenye ile orodha. Soma aya moja, funga kitabu, andika hoja yake kwa Kiswahili chako katika mistari mitatu. Ikikushinda, rudia aya hiyohiyo, usisonge mbele.

Mwanafunzi wa sheria, wa udaktari, au mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza watu wakibishana, aanze na Aristotle bila kujisumbua. Mwanahesabu na mtu wa dini waanze na Plato. Mwalimu wa Kiswahili ana nafasi ya pekee: asome kurasa mbili za vijiti katika Phaedo na sura ya 4 ya Sophistical Refutations wiki moja, kisha aifungue upya ngeli ya U.